Majibu Yaliyochelewa Kufika Mbumbuni

Wenzangu mnaobaki kwenye maabara, mliniomba niwaandikie kurasa chache kuhusu mafanikio ya miaka yangu kazini. Nimekaa na ombi hilo wiki tatu. Mafanikio yako kwenye ripoti, na ripoti ziko kwenye kabati la pili kutoka dirishani, lile ambalo mchwa wameanza kulila kutoka chini. Zisomeni kabla mchwa hawajazimaliza. Mimi nitaandika yale ambayo hayakuingia kwenye ripoti.

Siku yangu ya kwanza sikupewa darubini wala koti jeupe. Nilipewa brashi. Mzee Ngui, mtaalamu wa maabara ambaye alikuwa hapo kabla jengo halijapakwa rangi, alinionyesha mashine ya kusagia sampuli za mahindi akaniambia niioshe. Nikaiosha. Akapitisha kidole ndani, akanionyesha unga kama wa kujaza ukucha.

"Huu ni wa nani?" akauliza.

"Wa sampuli iliyopita, Mzee."

"Na ukisaga ya mtu mwingine juu yake? Umemchafulia jina mtu ambaye mahindi yake ni mazuri. Osha tena."

Niliosha mara tano. Ndivyo nilivyoanza kazi ya sumukuvu. Kwa watoto wenu watakaosoma haya: sumukuvu ni sumu inayotolewa na kuvu anayeota kwenye mahindi yaliyovunwa na unyevu au kuwekwa mahali pasipo na hewa. Haina harufu, haina ladha, na moto wa jikoni hauiwezi. Ikiwa kidogo inalila ini la mtu polepole kwa miaka. Ikiwa nyingi, haina haja ya miaka.

Mzee Ngui alinifundisha pia kutumia bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji kinachochomwa kwenye gunia ili kutoa mahindi ya ndani. Wanafunzi wa chuo tuliochukuliwa pamoja tulikuwa tunachoma mara moja, pale juu, tunaandika namba, tunaenda kunywa chai. Yeye alichoma juu, chini, kati na pembeni. "Hii sumu haikai kama chumvi kwenye mchuzi," alisema. "Inakaa kama jiwe kwenye mchele. Unaweza kula sahani nzima ukasema hakuna jiwe." Sijasikia profesa yeyote akilieleza jambo hilo vizuri zaidi, na nimesikiliza maprofesa wengi, baadhi yao baada ya chakula cha mchana, kwenye semina zisizo na madirisha.

Pale Salama, ambapo malori hupumzika kabla ya kuendelea na barabara ya Mombasa, nilijifunza kutukanwa. Kulikuwa na mama mmoja Mkikuyu, muuzaji wa nafaka aliyekaa hapo miaka mingi hata akatukana kwa Kikamba safi kuliko mimi. Akiona bambo tu alikuwa anasimama mbele ya magunia yake. "Ukidunga hiyo gunia utaishona wewe mwenyewe," aliniambia. Nikadunga, nikashona. Tangu siku hiyo nimetembea na sindano ya magunia na uzi mfukoni, na nawashauri nanyi mfanye hivyo. Watu husamehe wakiona umerudisha kitu ulivyokikuta.

Lakini somo kubwa la Mzee Ngui nililiona Tseikuru, mwaka wangu wa tatu. Ulikuwa mwaka wa ukame. Wafugaji walikuwa wanauza mbuzi ili wanunue mahindi, na mahindi yote ya pale yalitoka dukani kwa Abdi, mtu wa kaskazini-mashariki aliyekuwa na duka na lori moja. Tulichukua sampuli, na kwa kuwa maabara ilikuwa mbali, Mzee Ngui alipima kwa zile karatasi ndogo za kubadilika rangi, hapo nyuma ya gari, juu ya kifuniko cha kasha la barafu. Karatasi ikatoa jibu baya. Akarudia. Baya tena.

Taratibu zilikuwa wazi, kama zilivyo sasa: karatasi ni dokezo tu, hakuna kumwambia mtu lolote mpaka mashine kubwa ithibitishe na Daktari Mkuu atie sahihi. Mzee Ngui alifuta mikono kwa leso, akaingia dukani.

"Abdi, haya mahindi ya safu ya nyuma usiuze."

"Yana nini, Mzee?"

"Yana sumu. Sina barua. Nina mdomo tu."

Abdi aligeuka kuitazama safu ya nyuma. "Wallahi, nyumbani kwangu tunakula hii hii mahindi," akasema. Kisha akaita mke wake kwa sauti ambayo sitaisahau, akamwambia ateremshe sufuria. Alasiri hiyo alizunguka kijiji kizima na mkokoteni, nyumba kwa nyumba, akikusanya mahindi aliyouza na kutoa mchele badala yake. Hakuna aliyekufa Tseikuru mwaka ule. Mashine kubwa ilithibitisha baada ya majuma matatu, na Mzee Ngui akapata barua ya onyo kwa kukiuka taratibu.

Alinionyesha barua hiyo akicheka. "Barua ya onyo haiui mtu, Mwende," akasema, na akaikunja akaiweka chini ya mguu mfupi wa meza.

Alistaafu mwaka uliofuata. Kikohozi chake cha vumbi la unga kilistaafu naye, na hakikumwacha mpaka tulipomzika. Vaeni barakoa.

Sasa nifike Mbumbuni. Nimekuwa nikizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, kwa sababu sipendi kufika huko.

Mvua za msimu ule zilikuja vizuri halafu zikagoma kuisha. Watu walivuna mahindi yakiwa hayajakauka, kwa kuwa yaliyoachwa shambani yalikuwa yanaibwa. Tulikuwa na mradi mpya wa kupima mahindi na damu katika nyumba zilizochaguliwa, na mimi ndiye niliyekuwa kiongozi wa timu ya nyanjani. Nyumba mojawapo ilikuwa ya Kalondu, mama wa miaka kama thelathini, kwenye mteremko juu ya soko la Mbumbuni. Mumewe alikuwa kibarua bandarini Mombasa. Alikuwa na watoto watatu: Kyalo wa darasa la tatu, Mumbua aliyeng'oka meno ya mbele na mapya hayajaota, na mtoto wa kunyonya.

Magunia hayakuwa ghalani. Yalikuwa chini ya kitanda, manne, ya nailoni, yamefungwa kwa kamba.

"Ghala lilivunjwa mwaka jana," Kalondu alinieleza. "Hapa mwizi atanipata mimi kwanza. Lakini hii mahindi si imekauka, daktari?"

Sikuwa daktari. Huku kwetu yeyote anayeshuka kwenye gari na kasha ni daktari. Nilitia mkono ndani ya gunia, nikahisi joto. Mahindi mabichi hupumua. Mkono unajua kabla ya mashine. Nilimwambia ayaanike tena, naye akasema ataanika jua likitoka. Tulikuwa tunazungumza chini ya wingu.

Mahindi yalitoka shamba la chini, la mama mkwe wake, Mwaitu Ndinda, yaani Mama Ndinda kwa Kikamba, mwanamke mzee mwembamba ambaye alikuwa amekaa kizingitini akipura mbaazi. Yeye ndiye aliyempa mkaza mwanawe magunia yote manne. "Mimi nakula kidogo," alisema. "Watoto ndio wanakula."

Tulipochukua damu, Kyalo alifunga macho. Mumbua aliangalia sindano mpaka mwisho, akaona damu yake ikijaa kwenye kichupa.

"Mtairudisha lini?" akauliza.

Tukacheka wote. Kalondu akacheka zaidi, halafu akauliza lake: "Na majibu?"

"Tutawaletea," nikasema. Nikaandika namba yake ya simu kwenye fomu, kwa mwandiko mzuri.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Alhamisi nilipima mahindi yake mimi mwenyewe, kwa mikono yangu. Jibu lilipita kipimo cha mashine. Nikazimua sampuli, nikapima tena, likapita. Nikazimua mara ya tatu ndipo namba ikakubali kuandikika. Niliosha vyombo vyote, nikapima upya kutoka mwanzo, nikiwa na matumaini kwamba nilikosea. Sikukosea.

Nilienda kwa Daktari Mkuu. Sitaki mumwone kama mtu mbaya. Alisoma karatasi, akavua miwani. Kisha akanikumbusha kisa kilichotokea kabla yangu: familia iliambiwa mapema kwamba mahindi yao yana sumu, ikayachoma yote, halafu ikagunduliwa kwamba sampuli zilibadilishana. Familia hiyo ilikaa na njaa msimu mzima kwa kosa la maabara.

"Tumetuma nusu ya sampuli Nairobi," akasema. "Watathibitisha. Wiki moja, labda mbili. Baada ya hapo tunawaambia wote pamoja, kwa utaratibu, na chakula cha kuwabadilishia kikiwa tayari. Bila chakula unawaambia nini? Wasile?"

"Daktari, hii si ya kungoja."

"Mwende, kila mtu hudhani yake si ya kungoja."

Nilirudi mezani kwangu. Fomu ya Kalondu ilikuwa juu ya rundo. Nilitoa simu, nikaandika namba tarakimu zote, na kidole changu kikabaki juu ya kitufe. Nilifikiria barua ya onyo. Mradi ulikuwa na miezi michache kabla ya kufanyiwa tathmini, na mkataba wangu ulikuwa unaishia hapo. Nikafuta namba, tarakimu moja moja kutoka nyuma. Nikaenda kunywa chai.

Ningependa kuwaambia kwamba nililala vibaya siku zilizofuata. Sikulala vibaya. Nililala kama mtu aliyefuata utaratibu.

Siku ya kumi na moja, Jumatatu asubuhi, muuguzi wa zahanati ya karibu na Mbumbuni alipiga simu. Tulikuwa tumemwachia namba yetu endapo ataona macho ya manjano. "Niko na watoto wawili wa nyumba moja," akasema. "Macho kama mbaazi zilizoiva. Tumbo limejaa. Mkubwa anatapika damu. Mama anasema mbwa wao alikufa wiki iliyopita."

Sikumwuliza ni nyumba ya nani.

Mumbua alifariki siku iliyofuata, kwenye ambulansi, kabla hawajafika hospitali kubwa. Kyalo alifika, akalazwa, akafa Alhamisi. Mtoto mdogo alipona, kwa kuwa alikuwa bado anakula kwa mama yake tu. Kalondu mwenyewe aliugua lakini ini la mtu mzima lina subira kuliko la mtoto.

Muuguzi alinipigia tena Ijumaa, na safari hii hakuwa anazungumzia ugonjwa. "Huku mambo ni mabaya," akasema kwa sauti ya chini. "Wanasema ni yule mama mkwe. Mbwa amekufa, watoto wamekufa, na chakula chote kilitoka kwake. Yeye mwenyewe mzima kabisa. Vijana wamesema wakishazika watamshughulikia."

Mnajua maana ya neno hilo huku kwetu mzee akisemwa ni mchawi.

Majibu ya Nairobi yalikuwa bado. Daktari Mkuu alikuwa safarini. Gari halitoki bila sahihi yake. Jumamosi nilivaa viatu vya shambani, nikachukua karatasi yangu ya vipimo na pikipiki ya kukodi, nikaenda Mbumbuni kwenye mazishi.

Makaburi mawili yalikuwa yamechimbwa pamoja, moja fupi kuliko jingine. Baba wa watoto alikuwa amefika kutoka Mombasa, amesimama na mkoba bado begani. Watu walikuwa wengi, na vijana wamesimama kundi moja kando. Mwaitu Ndinda hakuwa nao. Alikuwa amekaa nje ya ua, peke yake, kwenye jiwe, mgongo kwa wajukuu wake, kwa sababu alikuwa ameambiwa asikanyage.

Nilimwomba mchungaji ruhusa. Nikasema jina langu na kazi yangu. Nikaeleza kuvu, nikaeleza joto ndani ya gunia la nailoni, nikaeleza kwamba mama mkwe hakuugua kwa kuwa alikuwa amewaachia watoto mahindi na yeye akala mbaazi. Sauti yangu haikufika nyuma, na mzee mmoja akasema niongeze sauti. Nikaongeza. Nikasema hakuna mtu aliyewaua watoto hawa kwa mkono wake.

Hapo Kalondu akainua kichwa. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, amefunikwa leso.

"Daktari, wewe ulijua lini?"

Ningeweza kusema majibu hayajathibitishwa. Ilikuwa kweli.

"Alhamisi," nikasema. "Si hii ya juzi. Ile ya nyuma yake, na nyingine nyuma yake tena."

Akaanza kuhesabu. Hakulia. Alihesabu kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekumbuka alichonunua sokoni. "Ijumaa tulipika isyo, mahindi na maharagwe. Jumamosi nikapeleka debe moja kusagwa. Jioni tukala ugali. Jumapili uji, halafu ugali, na Mumbua akaomba ukoko. Jumatatu Kyalo alibeba isyo shuleni..." Hakuna aliyemkatiza. Alifuata siku moja moja, sahani moja moja, mpaka siku Mumbua alipokataa chakula. Kisha akasema:

"Na namba yangu ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

"Inashika hata huku mlimani. Mtu wangu hunipigia kila Jumapili."

"Najua."

Mumewe alikuwa anaangalia chini. Hatimaye Kalondu alisimama, akajishika kiuno kama mwanamke mzee, akatembea mpaka langoni, na nikadhani anakuja kunipiga. Ningemwacha. Lakini alinipita. Akaenda mpaka kwenye lile jiwe.

"Mwaitu," akamwambia mama mkwe wake, "njoo uzike watoto wako."

Akamshika mkono akamwingiza ndani ya ua, na vijana wakawapisha.

Nilirudi kwenye pikipiki.

Nilipata barua ya onyo kwa yale niliyosema mazishini. Mzee Ngui alisema kweli, haiui. Daktari Mkuu aliporudi aliniita, akaniketisha. Kisha akasema, "Ilinipasa nikuache uwapigie simu siku ile." Sikujua kama ananituliza au anajituliza. Uthibitisho wa Nairobi ulifika Jumatano iliyofuata, na ulikubaliana na wangu mpaka nukta ya mwisho. Maabara yetu ilisifiwa sana kwa hilo.

Makala ya utafiti ilichapishwa. Jina langu limo, la tano. Watoto wa Kalondu wamo pia, kwenye jedwali, katika safu ya umri chini ya miaka kumi. Sijawahi kuisoma makala hiyo mpaka mwisho, na mara mbili nimeitolea mhadhara.

Kuanzia hapo nimepiga simu siku hiyo hiyo. Mara nyingine nilikuwa na majibu ya karatasi tu, nikasema ni ya karatasi tu. Mara moja nilikosea, na familia moja ya upande wa Kitui ikamwaga mahindi mazuri. Nikaenda nikawaangalia usoni nikawaambia nimekosea. Walinitukana kutwa nzima. Watoto wao walikuwa wanacheza hapo uani wakati natukanwa, na nilivumilia vizuri.

Mwaka wangu wa mwisho, baada ya mavuno, mlinzi aliniambia kuna mama langoni. Alikuwa Kalondu. Nywele zilikuwa zimeingia mvi kabla ya wakati. Alikuwa ameshika kopo la mafuta ya kupikia, lile la kilo mbili, limejaa mahindi. Hakunisalimia. Aliliweka kopo juu ya meza ya mapokezi.

"Pima," akasema. "Nangoja hapa."

"Mama, itachukua saa kadhaa. Nitakupigia."

"Nangoja hapa."

Akakaa kwenye benchi. Mmoja wenu alimpelekea chai, alishukuru, hakunywa. Niliosha mashine mara tano. Nilisaga, nikachuja, nikapima, nikarudia. Saa tisa alasiri nilitoka na jibu mkononi.

"Sumu si nyingi kama ile," nikamwambia. "Lakini imepita kiasi. Msile."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei. "Niliwaambia nyumbani wasiwashe moto mpaka nirudi," akasema. "Yule mdogo na shosho yake. Wako na njaa tangu asubuhi." Kisha akaniangalia, mara ya kwanza tangu siku ile. "Sasa nikifika niwaambie wapike nini?"

Chakula cha kubadilishia kilikuwa kimeombwa kwa barua. Barua ilikuwa inangoja sahihi. Nilivua koti, nikamwambia mlinzi natoka, nikaenda naye sokoni kununua mahindi mengine.

Kwa muuzaji wa kwanza nilinyoosha mkono kuelekea gunia, naye akanizuia, si kwa ukali. Akachota konzi mwenyewe, akanusa, akatia punje moja kinywani. Akaiuma huku ameinamisha kichwa, anasikiliza kama inalia kavu. Akaitema, akatikisa kichwa, akasogea kwa muuzaji aliyefuata, na mimi nikamfuata nyuma.